Adungu: Kinubi Kinachotengenezwa Nyumbani

Miongoni mwa ala za nyuzi za Uganda, adungu ni mojawapo ya zile zilizoenea sana katika miaka ya karibuni. Asili yake ni kwa Waalur, watu wakaao magharibi ya Mto Nile katika wilaya ambazo leo huitwa Nebbi, Zombo na Pakwach, na ng'ambo ya mpaka katika sehemu za Mahagi nchini Kongo. Zamani ilisikika hasa katika maboma ya Waalur na majirani zao. Siku hizi hupigwa shuleni, makanisani, harusini na katika mashindano ya ngoma, mbali sana na mahali ilipozaliwa.

Sababu moja ya kuenea huko ni kwamba adungu haihitaji kiwanda. Gogo la mti, ngozi ya mnyama, tawi lililopinda na mshipi wa kuvulia samaki vyatosha kuifanya. Mtu mwenye shoka, tezo, patasi, kisu na msharasi wa kutobolea ngozi anaweza kuitengeneza nyuma ya nyumba yake, hata kama nyumba hiyo ni kota ya kambini na yeye ni askari aliyehamishwa mbali na kwao.

Walakini, wengi waliojaribu wamekata tamaa njiani. Gogo limepasuka kabla halijafunikwa, au ngozi imeraruka juani, au vigingi vimekataa kushika. Wengine hufika mwisho salama, kisha hugundua kwamba nyuzi hazipatani hata zikazwe namna gani. Basi kinubi hutundikwa ukutani kikawa pambo, na watoto hawakisikii kikilia. Makosa hayo yote yana sababu, na karibu yote yaweza kuepukwa na mtu mwenye subira.

Ni chombo cha namna gani?

Hapana budi kwanza kuitofautisha adungu na ndugu zake. Nyatiti ya Wajaluo, litungu la Wabukusu, obokano ya Wakisii na endongo ya Baganda na Basoga zina mikono miwili iliyounganishwa kwa mti uliolala juu, na nyuzi huvutwa kutoka mti huo hadi chini. Adungu haina mikono miwili. Ina shingo moja tu iliyopinda kama upinde, na nyuzi zake hutoka kwenye tumbo la chombo na kupanda hadi shingoni, kila mmoja ukiwa mfupi kuliko uliotangulia.

Vinubi vya umbo hilo ni vya kale sana. Vimechorwa katika makaburi ya Misri ya zamani, yapata miaka elfu nne na zaidi iliyopita. Katika Uganda umbo hilo lina jina jingine pia lenye heshima kubwa: ennanga, kinubi chenye nyuzi nane kilichopigwa katika kasri ya Kabaka wa Buganda.

Historia ya vinubi hivi viwili ina funzo. Ennanga ilikuwa mikononi mwa watu wachache waliomtumikia Kabaka. Tarehe 24 Mei, 1966, majeshi ya serikali yalipoishambulia kasri ya Mengo, Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia uhamishoni, ngoma za kasri ziliteketea na wapigaji wake wakatawanyika. Falme zilifutwa na katiba ya mwaka 1967, nazo hazikurudishwa hadi mwaka 1993. Katika miaka hiyo mingi wazee wengi waliojua kazi yao walikufa. Wachache walijitahidi kuiokoa. Mmoja wao alikuwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa kasri aliyefanya kazi pia katika Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala, ambaye aliwafundisha wenyeji na wageni bila kuficha ujuzi wake. Hata hivyo, wapigaji wa ennanga leo ni wachache mno.

Adungu haikutegemea kasri moja. West Nile nayo ilipata mateso yake: katika vita vya mwaka 1979 na mwaka uliofuata, watu wengi mno wa sehemu hizo walikimbilia Zaire na Sudan wakiacha mali zao nyuma. Lakini ufundi wa adungu ulikuwa mikononi mwa watu wengi, na mahali popote palipo na mti na ngozi, mwenye ujuzi aliweza kutengeneza nyingine. Ujuzi ukienea katika nyumba nyingi huwa vigumu kupotea.

Gogo

Tumbo la adungu huchongwa katika gogo moja. Kwa kinubi cha kadiri, kinachomfaa mtu mzima aliyeketi, gogo la urefu wa sentimeta 50, upana wa sentimeta 20 na kina cha sentimeta 15 latosha. Mti ufaao ni ule mwepesi unaochongeka bila kuchanika, kama ile ambayo mafundi wa ngoma huichagua. Mti mgumu sana humchosha fundi bure na hukifanya chombo kiwe kizito.

Adui mkubwa wa gogo ni kukauka haraka. Mti mbichi una maji mengi. Sehemu ya nje ikikauka na kusinyaa wakati ndani kungali kubichi, nguvu hizo mbili hushindana na gogo hupasuka kuanzia kwenye moyo wake. Kwa hiyo fundi mwenye busara hulipasua gogo kwa urefu na kuuondoa moyo huo kabisa. Kisha hulichonga kwa shoka na tezo lingali na ubichi kidogo, akiliacha nene kuliko anavyotaka, na kulihifadhi kivulini mahali pasipo na upepo mkali. Ncha mbili hupakwa samli, nta au kinyesi cha ng'ombe, maana maji hutoka kwa kasi zaidi kupitia hapo. Baada ya wiki kadhaa hulirudia na kumaliza kazi kwa patasi.

Kuta zinapokamilika ziwe na unene wa kama sentimeta moja, na chini unene uzidi kidogo. Kuta nene huifanya sauti iwe hafifu, na kuta nyembamba mno haziwezi kustahimili mvuto wa ngozi. Mdomo wa tumbo ulainishwe kwa tupa na msasa, kwa sababu kingo kali hukata ngozi kama kisu. Upande mmoja, karibu na mdomo, hutobolewa tundu la kuingizia shingo. Tundu hilo lisiwe kubwa kupita kiasi. Ni afadhali shingo igongwe ili iingie kuliko icheze ndani yake.

Ngozi

Ngozi ya ng'ombe ndiyo itumikayo sana, na kwa kinubi kidogo ngozi ya mbuzi yafaa. Adungu hufunikwa kwa vipande viwili: kimoja juu ya mdomo, kingine hulizunguka tumbo kutoka chini. Vipande hivyo hushonwa pamoja kwa ukanda wa ngozi unaokwenda juu na chini pande zote, na ushonaji huo ndio unaokipa chombo sura yake.

Kabla ya kushona, ngozi hulowekwa majini mpaka ilainike kama kitambaa, ikaparuzwa mafuta na nyama iliyobaki, na nywele zikanyolewa. Hapa ndipo methali isemayo "udongo upatize ungali maji" inapofaa. Kila tundu la kushonea na kila mvuto vifanywe wakati ngozi ingali mbichi, kwani ikishakauka haibadiliki tena.

Chini ya ngozi ya juu, katikati, hulazwa ufito wa mti mgumu au wa mwanzi kutoka ncha moja ya tumbo hadi nyingine. Ufito huu ndio unaobeba nyuzi. Hutobolewa matundu tisa yaliyopangwa kwa mstari, yakiachana kwa kama sentimeta nne. Uzi hupitishwa kutoka chini, ukifungwa kijiti kidogo ili usichomoke, kisha hutoka juu kupitia ufito na ngozi. Uzi ukipigwa huutikisa ufito, nao huitikisa ngozi nzima, na ngozi ndiyo inayoitikisa hewa na kulipeleka neno masikioni. Ufito dhaifu huvunjika. Ufito mnene kama mpini wa jembe huinyima ngozi uhuru wake.

Kosa kubwa katika hatua hii ni kukianika chombo juani ili kikauke upesi. Ngozi hujikunja kwa nguvu nyingi inapokauka, na ikikauka ghafula hujirarua penyewe kwenye matundu ya kushonea. Yafaa kikauke kivulini kwa siku tatu au nne, au zaidi wakati wa mvua. Fundi akigonga kwa kidole na kusikia mlio mkavu wa ngoma, ajue kwamba kazi yake imefaulu. Hapo hutoboa tundu moja au mawili madogo katika ngozi ya juu ili sauti ipate kutoka.

Shingo na vigingi

Shingo bora ni tawi lililopinda lenyewe msituni. Tawi lililozaliwa limepinda lina nyuzinyuzi za mti zinazofuata umbo lake, kwa hiyo halivunjiki kwa urahisi. Anayekata ubao ulionyooka na kuuchonga upinde hukata pia nyuzinyuzi hizo, na shingo yake huweza kukatika mahali pa kupinda.

Nguvu ya shingo si jambo dogo. Uzi mmoja ukivutwa kwa mzigo wa kilo tatu, nyuzi tisa huvuta pamoja kwa kilo 27, usiku na mchana, mwezi baada ya mwezi. Mzigo huo ni kama mtoto wa miaka minane au tisa aliyening'inia shingoni bila kushuka. Fundi akilikumbuka hilo hatachagua mti mwembamba kwa ajili ya uzuri wake.

Vigingi huchongwa kwa mti mgumu kuliko wa shingo. Kila kimoja kiwe chembamba kidogo kuelekea ncha, na tundu lake lipanuliwe vivyo hivyo, ili kigingi kikisukumwa ndani kishike pande zote. Kigingi kilicho sawa unene mwanzo hadi mwisho hulegea kwa siku chache. Kikiteleza, hupakwa chaki au majivu. Kikikwama na kugoma kuzunguka, hupakwa sabuni kavu kidogo sana.

Matundu ya vigingi yasitobolewe kwa kukisia. Urefu wa kila uzi, yaani kutoka kwenye ufito hadi kwenye kigingi, ndio unaoamua sauti yake, nao una hesabu yake. Iwapo nyuzi zote ni za unene mmoja na zimekazwa kwa nguvu moja, na uzi mrefu wa do una sentimeta 60, basi uzi wa re uwe na sentimeta 53, wa mi 48, wa fa 45, wa so 40, wa la 36, wa ti 32, do ya juu 30, na re ya juu karibu sentimeta 27. Fundi apime kwa kamba kutoka kila tundu la ufito hadi shingoni, atie alama, na ndipo atoboe. Si lazima apate vipimo hivyo barabara, kwani kigingi kitasahihisha tofauti ndogo. Lakini uzi ulio mrefu mno utakatika kabla haujafikia sauti yake, na ulio mfupi mno utalegea na kulia kama kamba ya kuanikia nguo.

Nyuzi

Zamani nyuzi zilifanywa kwa mishipa na matumbo ya wanyama au kwa nyuzi za mimea. Leo mshipi wa nailoni wa wavuvi umechukua mahali pake karibu kote. Ni wa bei nafuu, hauozi, na unene wake ni sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Sifa hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko zote, maana uzi ulio mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili hutoa sauti zinazogombana, na hakuna kigingi kiwezacho kuuponya.

Mshipi wa milimeta 0.8 wafaa kwa kinubi cha kadiri. Fundi atakaye sauti nzito bila kukiongeza chombo ukubwa atumie mshipi mnene kwa nyuzi ndefu. Kwa urefu ule ule na mvuto ule ule, uzi wenye unene maradufu hutoa sauti ya oktava moja chini.

Nailoni ina tabia moja inayowasumbua wanaoanza: hurefuka. Uzi mpya uliokazwa asubuhi huwa umelegea jioni, na mtu asiyejua hudhani kigingi kimeteleza. Kwa hiyo siku ya kwanza nyuzi zikazwe nusu tu na kuachwa zilale. Siku ya pili zipandishwe tena. Baada ya wiki moja hivi zitakuwa zimetulia, na hapo ndipo kazi ya kulinganisha sauti inaweza kuanza kwa kweli.

Kulinganisha sauti

Kazi ya mikono imekwisha; sasa huanza kazi ya sikio. Wengi huanza uzi wa kwanza na kwenda moja kwa moja hadi wa tisa, wakiimba do, re, mi. Njia hiyo ina hila ndani yake. Kosa dogo la uzi wa pili hubebwa na wa tatu, na la tatu huongezwa kwa la nne, mpaka do ya juu haipatani kabisa na do ya chini. Njia iliyo imara ni kwenda kwa jozi za nyuzi zinazopatana sana.

Kwanza, uzi wa kwanza ukazwe kufuata sauti ya mwimbaji. Kinubi hiki ni mwenzi wa mtu anayeimba, na hakina sababu ya kumlazimisha apige kelele au akwame kooni. Uzi huo ndio do.

Pili, uzi wa nane ufanywe do ya juu. Mtu asiyejua oktava ni nini awasikilize mume na mke wakiimba wimbo mmoja pamoja: kwa kawaida mwanamke huimba oktava moja juu ya mwanamume, na watu husema wanaimba sauti ile ile. Nyuzi hizo mbili zipigwe pamoja. Zikiwa karibu kupatana, sauti husikika ikiyumba, ikipanda na kushuka kama kengele inayokwenda mbali na kurudi. Kadiri zinavyokaribiana, kuyumba huku huenda polepole, kisha hukoma. Hapo zimepatana.

Tatu, kutoka do ya chini itafutwe so, uzi wa tano. Kutoka so irudiwe re, uzi wa pili. Kutoka re ipatikane la, uzi wa sita. Kutoka la irudiwe mi, uzi wa tatu, na kutoka mi ipatikane ti, uzi wa saba. Fa, uzi wa nne, hupatikana kwa kushuka kutoka do ya juu. Uzi wa tisa hulinganishwa na wa pili, kwani wote wawili ni re.

Katika mzunguko huo hutokea jambo ambalo limewachosha mafundi wa nchi nyingi kwa karne nyingi. Fundi akizilinganisha jozi hizo zote bila kosa lolote, kisha akapiga do na mi pamoja, atasikia kwamba mi iko juu kidogo na inayumba. Hilo si kosa la sikio lake. Ni hesabu inayokataa. Mi tamu, ile inayotulia na do, husimama kwa do kama 80 kwa 64. Mi inayopatikana kwa kuzunguka kupitia so, re na la husimama kama 81 kwa 64. Tofauti ni ndogo, lakini sikio huisikia. Dawa yake ni kuigawanya tofauti hiyo: la ishushwe kidogo mno, na mi ishushwe kidogo zaidi, mpaka do, mi na so zikipigwa pamoja zitulie, hali so na re nazo hazijaharibika. Kila fundi huamua mwenyewe aiweke wapi tofauti hiyo, na nyimbo atakazopiga ndizo zitakazomwongoza.

Kuna mambo mawili zaidi ya kukumbuka. La kwanza, uzi ufikie sauti yake kwa kupanda, si kwa kushuka. Ukiwa umepita, ulegezwe chini ya sauti inayotakiwa na kupandishwa tena, kwa sababu uzi ulioshushwa huacha ulegevu kwenye kigingi na baadaye hushuka zaidi. La pili, kila uzi ukikazwa huivuta shingo kidogo, na nyuzi nyingine hulegea. Kwa hiyo kulinganisha mara moja hakutoshi. Mzunguko wa pili na wa tatu ni wa lazima, na kila mmoja huwa mfupi kuliko uliotangulia.

Sauti za wenyewe

Si kila kinubi hutaka do, re, mi. Ennanga ya Baganda ina ngazi ya sauti tano katika oktava. Mwaka 1950 Klaus Wachsmann, aliyekuwa mkuu wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alichapisha katika jarida la Nature vipimo vya ennanga moja, akionyesha kwamba hatua zake tano zilikaribia kuwa sawa sawa. Oktava ikigawanywa katika sehemu 1200, kama wataalamu wanavyofanya, hatua ya do hadi re katika piano ni 200, bali hatua moja kati ya tano zilizo sawa ni 240. Basi anayeichukua ennanga na kuilinganisha na piano huipotosha, ijapokuwa hakukusudia. Hapo mwongozo ni oktava zake: uzi wa kwanza na wa sita, wa pili na wa saba, wa tatu na wa nane.

Kadhalika, ennanga huvalishwa pete za ngozi ya kenge chini ya vigingi ili kila uzi ungurume unapopigwa. Mgeni hudhani mngurumo huo ni ubovu, lakini mwenyeji asipousikia husema chombo kimelala. Hata hivyo, sheria ya wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inakataza kumuua mnyama wa porini bila kibali, kwa hiyo fundi wa leo asimwinde kenge kwa ajili ya pete.

Maradhi na dawa zake

Kinubi kinacholegea wakati wa mvua hakijaharibika. Ngozi hunywa unyevu wa hewa na kulainika, ufito huinuka, na nyuzi zote hushuka pamoja. Kisogezwe karibu na moto wa makaa, lakini si juu yake, kwa dakika chache mpaka ngozi irudie mlio wake. Kukaza nyuzi kabla ya hapo ni kuzikata bure hali ya hewa itakapobadilika.

Mlio usiotakiwa mara nyingi hutoka kwenye kijiti kilicholegea chini ya ufito, au kwenye ncha ya uzi iliyoachwa ndefu ikagusa ngozi. Sauti ikiwa butu katika uzi mmoja tu, uzi huo ubadilishwe. Ikiwa butu katika zote, ngozi ndiyo iliyochoka au ufito ni mnene. Ufa mwembamba katika tumbo huzibwa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, kabla haujawa mrefu. Na kinubi kisichopigwa kwa muda mrefu kilegezwe nyuzi zake kidogo, ili shingo ipate kupumzika.

Kazi ya jamaa nzima

Utengenezaji wa adungu una kazi kwa kila mtu wa nyumbani. Shoka, tezo na patasi ni kazi ya watu wazima, na watoto wadogo wakae mbali navyo. Lakini kijana aweza kuchonga vigingi na kupiga msasa, mtoto aweza kushika ncha ya ukanda wakati wa kushona, na mara nyingi sikio la mtoto husikia kuyumba kwa nyuzi kabla ya sikio la baba yake. Wanawake na wasichana hupiga adungu leo katika vikundi vingi, na kundi lenye vinubi vidogo, vya kadiri na vikubwa vya sauti nzito huweza kuongoza wimbo wa ukumbi mzima.

Kwa jamaa za askari na polisi jambo hili lina uzito wake. Mtoto wa kambini huzaliwa katika mji mmoja, huanza shule katika mji wa pili, na huimaliza katika wa tatu. Huenda asiwahi kukaa mwaka mzima katika kijiji cha babu yake, wala asijue nyimbo za huko ila kwa kusimuliwa. Nyumba ya kota hubadilishwa kwa amri ya uhamisho, lakini kinubi hufungwa katika blanketi na kupakiwa pamoja na mizigo mingine. Baba akienda likizo aende na daftari, amwulize mzee wa kwao ni mti gani walioutumia, ngozi gani, na uzi wa kwanza ulianzia sauti gani. Mzee huyo akiondoka bila kuulizwa, hakuna jumba la makumbusho litakalomjibia.

Wakati mzuri wa kuanza ni mwanzo wa kiangazi, ili gogo na ngozi vikauke polepole bila kuvunda. Mwenye kuanza hapo, akafuata hatua zote bila haraka, atakuwa na kinubi kilichotulia sauti kabla ya mvua kurudi.